Kumbukumbu za nidhamu shuleni: kaunta buku, Excel, Kobo au grupu la WhatsApp, ipi inafaa?

MwlZamu
Heshima kwenu wadau. Mimi ni mwalimu wa nidhamu sekondari ya kata, wanafunzi kama mia saba hivi, umeme wa kusuasua na mtandao unashika ukisimama karibu na ofisi ya mkuu wa shule. Nimekabidhiwa hii ofisi mwezi wa kwanza na nilichorithi ni kaunta buku moja imeng'oka jalada, kurasa za mwanzo zimejazwa vizuri kabisa jina, kosa, adhabu, sahihi, alafu kuanzia mwezi wa nne mwaka jana ni weupe mpaka mwisho. Sasa miezi yote hiyo hakuna mtoto aliyekosea? Nilikuwepo mwenyewe, nimeona kwa macho.

Kilichonileta ni hiki. Juma lililopita mzazi kaja na mtoto wa kidato cha pili, kidole kimevimba, anasema mwanae kapigwa na mwalimu Ijumaa. Mwalimu anasema hakumgusa, alimpa kufyeka nyuma ya maabara basi. Mkuu akaniambia mwalimu lete kitabu. Nimekileta, kitupu. Tukakaa pale watu wazima wanne tunaangalia ukurasa mweupe na mtoto kasimama mlangoni anaficha mkono. Mpaka leo sijui nani anasema kweli na inaniuma, manake mmoja kati yao kaonewa na mimi sina pa kushika.

Nataka nianze upya. Wengine staff wanasema kaunta buku inatosha tuijaze tu, mwingine anasema tuhamie Excel kwenye laptopu ya taaluma, kijana mmoja kaja na habari za Kobo, ile programu ya kujaza fomu kwenye simu, na wengi wanaona grupu la WhatsApp la walimu linatosha kwasababu kila kitu kinaandikwa humo tayari. Nyie mnatumia nini na kimewasaidia wapi? Naombeni uzoefu wenu.

chaki_nyeupe
Mkuu, kitabu si hiari, hilo liwe wazi kabla ya mengine. Kanuni za adhabu ya viboko hapa Tanzania, tangazo la serikali namba 294 la 2002, zinasema viboko visizidi vinne kwa mara moja, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike labda asiwepo kabisa shuleni hapo, na kila mara iandikwe kwenye kitabu: jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko na nani kachapa. Mkuu anasaini. Kwahiyo hatakama utakuwa na kompyuta kumi mthibiti ubora akija atakuomba kitabu, na mahakamani pia wataomba kitabu. Mimi niko na kaunta buku miaka kumi na moja sasa. Haihitaji bando wala chaji, na ukurasa ukichanwa unaonekana umechanwa, ndo maana nanunua zile zilizoshonwa na nazipiga namba kurasa zote kwa mkono siku ya kwanza kabla hata sijaandika jina la mtoto mmoja.

Bi_Staff
Mwl chaki nakuunga mkono lakini tuseme ukweli kwanini vitabu viko vitupu. Si uvivu. Walimu wanaogopa. Mwalimu akichapa sita hawezi kuandika sita, na akiandika nne kadanganya, kwahiyo anaona bora asiandike kabisa. Tangu ile ya Bukoba 2018 mtoto wa shule ya msingi alipofariki baada ya kuchapwa, nimesikia kwa masikio yangu walimu wakisema "ukiandika umejifunga mwenyewe". Sasa ndugu mwalimu ukileta Excel au Kobo bila kugusa hiyo hofu utapata Excel tupu badala ya kitabu kitupu.

Kwetu tulibadili jina. Kile cha viboko kinachotakiwa na kanuni kipo, kinafungiwa kwa mkuu. Ila cha kila siku tunakiita kitabu cha matukio na safu ya kwanza si kosa, ni NINI KILITOKEA. Afu mtoto anaandika maelezo yake mwenyewe kwa mkono wake nusu ukurasa kabla mwalimu hajaandika ya kwake. Nakwambia mara ya kwanza tulipofanya hivyo binti mmoja aliyeletwa kwa kumjibu vibaya mwalimu aliandika mistari mitatu tu: aliambiwa asimame mbele, alikuwa kwenye siku zake, sketi imechafuka, akakataa. Kosa lingeandikwa "ukaidi" na lingekaa hivyo milele. Mwalimu mwenyewe aliposoma alinyamaza, akaenda dukani kumnunulia pedi.

fundi_jedwali
Mimi ni mtu wa Excel na sitakuambia uache kitabu. Kitabu ni ushahidi. Ila kitabu hakihesabu. Ukiulizwa na bodi mwaka huu tatizo letu kubwa ni nini utaanza kupekua kurasa mia mbili na mwisho utasema "utoro" kwasababu ndo jibu la kila shule.

Sisi kila Ijumaa baada ya kipindi cha mwisho nahamisha ya wiki nzima, tarehe, saa, kidato, MAHALI, aina ya tukio, hatua iliyochukuliwa, mzazi kajulishwa au la. Jina siweki, naweka namba ya usajili. Dakika ishirini imeisha. Hiyo safu ya mahali nusura niiache nikaona inajaza nafasi tu. Mwezi wa tisa nikapanga kwa mahali, nikakuta zaidi ya nusu ya ugomvi wote wa muhula umetokea bombani, na karibu yote kati ya saa nne na saa nne na nusu. Tulikuwa tumechapa, tumefyekesha, tumeita wazazi, kumbe ni bomba moja linatoa maji kiuzi kiangazi, watoto wa bweni na wa kutwa wanapanga foleni moja na kengele ya mapumziko ni nusu saa. Tukaomba kwenye kikao cha wazazi wakachanga simtanki, tukaiweka upande wa pili jirani na jiko. Ugomvi wa bombani ukapungua mpaka mwalimu wa zamu akaniuliza mbona hauniletei kesi. Hakuna mtoto tuliyembadilisha tabia pale, tulibadilisha foleni.

Ubaya wa Excel ni kwamba mtu akifuta mstari huoni kama umefutwa, na laptopu ya taaluma kila mtu anaigusa, mitihani inachapwa humo humo. Faili weka nywila na nakala kwenye flashi kwa mkuu.

mdodosaji
Huyo kijana wa Kobo simkatizi kwasababu mimi nimefanya nayo kazi ya ukusanyaji takwimu vijijini. Fomu unaitengeneza kwenye kompyuta, mwalimu anaijaza kwenye simu bila mtandao kabisa inakaa humo mpaka apate mtandao ndo inatuma. Na baada ya sensa ya 2022 walimu wengi si mligawiwa vishikwambi? Hivyo hivyo vinafaa. Uzuri wake kuliko Excel, saa na tarehe fomu inaweza kujiwekea yenyewe, na unaweza kumzuia mtu asitume mpaka ajaze sehemu ya hatua iliyochukuliwa. Kwahiyo mambo ya kukaa kujaza kitabu Alhamisi kwa matukio ya Jumatatu yanaisha.

Ila nisikudanganye mwalimu, kwa shule moja ya watoto mia saba ni kazi ya mtu mmoja anayeijua, akihamishwa imekufa. Hilo nimeliona. Na yale maelezo ya mtoto ya nusu ukurasa kwa mkono wake mwenyewe huyapati humo kama kwenye kitabu.

mama_wawili
Samahani walimu mimi ni mzazi naingia kwenye mazungumzo yenu. Naomba mkishachagua hicho chombo muweke sehemu ya kufuta au kurekebisha. Kijana wangu kidato cha kwanza aliandikwa kaiba kikokotozi. Baada ya siku nne kikaonekana kwenye begi la mwenye nacho, akaombwa radhi darasani, yakaisha. Kwenye kitabu hayakuisha. Kidato cha nne anahitaji barua ya tabia kwa ajili ya chuo, mwalimu mpya kafungua kitabu kasoma "wizi", kaandika anavyojua. Nilienda shuleni mara tatu. Hakuna aliyenitukana, wote walikuwa wapole, ila kila mmoja alinionyesha ule mstari kwa kidole kana kwamba mimi sioni.

Bi_Staff
Pole sana dada yangu. Hili limenigusa na nakiri hata kwetu hatuna hiyo sehemu. Kesho naiongeza.

mwalimu_pwani254
Hujambo mwalimu, mimi niko Kenya, upande wa Kilifi. Huku kiboko kilipigwa marufuku 2001 na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kifungu cha 36 imeweka faini hadi shilingi laki moja au jela hadi miezi sita au vyote viwili kwa mwalimu atakayempa mtoto adhabu ya kimwili. Kwa hivyo buku yetu haina safu ya viboko. Na hapo ndipo nilitaka kusema kitu, wengi huku walidhani kiboko kikiondoka na kuandika kutaondoka, kumbe kuandika ndiko kumebaki. Naibu mwalimu mkuu hawezi kumtuma mtoto nyumbani bila rekodi, mzazi atauliza mlifanya nini kabla ya hapa, mlizungumza naye lini, nani alimpa ushauri nasaha, na kama buku haina majibu ni shule inaonekana imekosa. Yetu ina safu ya hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila moja na tarehe yake. Ukiona mtoto ana hatua ya tatu na ya kwanza iko tupu unarudi nyuma.

Juu ya WhatsApp tafadhali msijaribu.

chaki_nyeupe
Nimalizie hapo hapo kwa ndugu yetu wa Kilifi. WhatsApp hapana kabisa. Shule moja ninayoijua mwalimu alituma kwenye grupu la staff picha ya watoto watatu wamepigishwa magoti na maelezo ya kosa, jioni ile ile iko kwenye grupu la wazazi, asubuhi iko mtaani, mmoja wa wale watoto hakurudi shule wiki mbili. Sasa hivi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na taarifa za watoto zinahesabiwa ni taarifa nyeti. Grupu litumie kuitana tu, "mwl wa nidhamu njoo bwalo", basi, bila jina wala picha.

MwlZamu
Wakuu nimerudi baada ya wiki mbili, nashukuru sana wote, nimeyasoma hata kwa mkuu wa shule kwa sauti.

Tulichoamua ni hivi, kaunta buku mbili za kushonwa, kile cha kanuni kwa mkuu na cha matukio kwangu, kurasa nimezipiga namba usiku nikiwa na wanangu, mdogo anasoma namba mimi naandika. Safu ya mahali ipo, ya hatua ya kwanza mpaka ya tatu ipo, na ya mwisho kabisa imeandikwa MAREKEBISHO, hiyo ni ya mama_wawili. Excel nahamisha Ijumaa kwa namba za usajili, fundi_jedwali ntakusumbua inbox kuhusu ile ya kupanga kwa mahali. Kobo tumeiacha kwanza mpaka tuwe wawili tunaoijua.

Kikao cha walimu kilikuwa kigumu kidogo. Mwalimu mmoja mkongwe alisimama akasema hiki kitabu kinamshitaki mwalimu. Sikumjibu, nikamwomba yule mwenzetu wa kesi ya kidole aseme. Akasema kama kingekuwepo Ijumaa ile angeandika nilimpa kufyeka, saa ngapi, na nani alikuwepo, na leo angekuwa analala usingizi.

Ukurasa wa kwanza kwahiyo si tukio jipya. Nilimwita yule kijana nikampa kalamu nikamwambia andika yaliyotokea siku ile, mimi natoka nje. Alitumia dakika arobaini, kidole bado hakijanyooka vizuri anaandika taratibu. Mwalimu kaandika ya kwake ukurasa wa pili. Hayafanani. Mkuu kasaini zote mbili, na mama yake nimempigia aje Jumatatu asome na yeye.

mama_wawili
Akija mpe kiti kwanza kabla ya kitabu.

MwlZamu
Sawa mama. Nimeshakitoa maktaba, kiko ofisini.