Raba za kaboni na kasi ya mkimbiaji: je, vijana wetu wa Malindi wachangiwe?

Hoja inayotugawa hapa Malindi siku hizi ni ya viatu. Wazazi wa vijana wanaokimbia masafa marefu katika shule moja ya upili wameombwa wachange fedha ili timu inunuliwe raba za kisasa, zile zenye soli nene ya sponji na bamba la kaboni ndani yake, kabla msimu wa mashindano ya uwanjani haujaanza. Wanaouunga mkono mchango huo wanasema kwamba bila viatu hivyo watoto wetu watakwenda kupambana na wenzao wa Bonde la Ufa wakiwa wameshashindwa kabla ya filimbi kulia. Wanaoupinga wanasema kwamba kasi imo miguuni na mapafuni, na kwamba habari ya viatu ni biashara ya watu wa mbali. Mimi sikubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili. Viatu vinaongeza kasi, na anayelikataa hilo anabishana na vipimo. Lakini mchango ulioombwa haufai, kwa sababu faida hiyo haitawafikia vijana hawa kwa kiasi wanachoahidiwa, wala katika mbio watakazokimbia.

Nianze na wanaosema kiatu hakina lolote. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, mjini Boulder nchini Marekani, walichapisha matokeo ya kuwapima wakimbiaji 18 wa kiwango cha juu waliokimbia juu ya mashine wakivaa viatu vya aina tatu kwa zamu. Hawakupima muda wa kumaliza mbio; walipima hewa waliyovuta na kutoa, ili wajue mwili unatumia nishati kiasi gani kwa mwendo uleule. Kiatu kipya cha Nike, kilichokuja kujulikana kama Vaporfly, kilipunguza matumizi hayo kwa wastani wa asilimia 4 kikilinganishwa na viatu viwili vya mashindano vilivyosifika wakati huo. Utafiti huo uligharimiwa na Nike wenyewe, na anayeutilia shaka kwa sababu hiyo ana haki yake. Hata hivyo, maabara nyingine ziliporudia vipimo, nazo zilikuta kwamba faida ipo, ingawa si zote zilizopata kiasi kilekile.

Tusichanganye, lakini, asilimia 4 ya nishati na asilimia 4 ya kasi. Kadiri mtu anavyoongeza mwendo ndivyo upepo anaoupasua unavyomrudisha nyuma, kwa hiyo sehemu ya kile alichookoa humezwa na hewa. Kwa mkimbiaji wa marathoni wa daraja la kwanza, asilimia 2 tu ya muda ni zaidi ya dakika mbili, na katika mbio ambazo mshindi na wa pili mara nyingine hutengana kwa sekunde chache, hilo si jambo dogo hata kidogo.

Rekodi za dunia za marathoni nazo zina la kusema, ila zisomwe kwa utulivu. Mkenya Paul Tergat alikimbia Berlin mwaka 2003 kwa saa 2, dakika 4 na sekunde 55. Mwaka 2014, katika mji huohuo, Dennis Kimetto alimaliza kwa 2:02:57, na hapo viatu vya kaboni tunavyovijadili vilikuwa bado havijaingia sokoni. Maana yake, katika miaka 11 Wakenya na Waethiopia walikuwa wamekwisha kupunguza karibu dakika mbili kwa raba za soli nyembamba. Kisha akaja Eliud Kipchoge na 2:01:39 mwaka 2018, na Kelvin Kiptum, Mungu amrehemu, na 2:00:35 kule Chicago mwaka 2023, wote wakiwa na viatu vya kizazi kipya. Kwa wanaume, basi, mtu anaweza kudai kwamba mstari ulikuwa unashuka tangu zamani na ungeendelea kushuka. Kwa wanawake dai hilo ni gumu kulitetea. Rekodi ya Mwingereza Paula Radcliffe ya 2:15:25, aliyoiweka London mwaka 2003, ilikaa miaka 16 bila kuguswa. Mkenya Brigid Kosgei akaivunja Chicago mwaka 2019 kwa 2:14:04, na miaka minne tu baadaye Tigst Assefa wa Ethiopia akakimbia Berlin kwa 2:11:53, akiwa amevaa kiatu cha Adidas chenye uzito wa gramu 138 kilichouzwa kwa dola 500 za Marekani. Sitaki kumnyang'anya mwanamke yeyote kati ya hao jasho lake, lakini kuruka namna hiyo baada ya kimya kirefu kunanifanya niamini kwamba kiatu kilikuwa na mkono wake.

Wapinzani wa viatu wana jina moja ambalo halikosi kutajwa barazani: Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 akiwa pekupeku, kwa 2:15:16. Ni kweli kabisa. Lakini wanaomtaja huishia Roma. Bikila huyohuyo alishinda tena Tokyo mwaka 1964, safari hii akiwa na viatu, kwa muda wa saa 2 na dakika 12, pungufu ya ule wa kwanza kwa dakika tatu hivi. Njia zilikuwa tofauti, hali ya hewa tofauti, na yeye mwenyewe alikuwa amekomaa zaidi, kwa hiyo sisemi viatu ndivyo vilivyompa dakika hizo. Ninachosema ni kwamba habari za Bikila hazithibitishi upande wowote, na ingefaa tumpumzishe.

Sasa niwageukie wanaotaka mchango. Kwanza, ule wastani wa asilimia 4 ulificha tofauti za mtu na mtu: katika watu 18 wa Boulder, aliyefaidi kidogo alipata chini ya asilimia 2, na aliyefaidi sana alipita 6. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti mwingine uliowapima Wakenya saba wa kiwango cha dunia pamoja na wakimbiaji wa kawaida wa Ulaya, na miongoni mwa Wakenya hao matokeo yalitawanyika vibaya: yupo ambaye kiatu cha kisasa kilimpunguzia gharama ya kukimbia kwa asilimia 11, na yupo ambaye kilimwongezea kwa kiasi kama hicho. Hao ni mabingwa, wenye makocha na madaktari. Tukinunua jozi kumi za aina moja na kuwagawia vijana kumi, hatujui nani tunamsaidia na nani tunamfunga jiwe mguuni.

Pili, faida hiyo hupungua mwendo unapopungua. Watafiti walipowapima watu kwa mwendo wa kilomita 10 na 12 kwa saa, walipata wastani wa asilimia moja hivi tu, na wapo ambao hawakupata kitu. Vijana wetu walio bora wanakwenda kasi zaidi ya hapo, nakubali, lakini sehemu kubwa ya mazoezi yao ya asubuhi ni mwendo huohuo wa polepole, na kocha anataka viatu hivyo vivaliwe mazoezini pia "ili mguu uzoee". Kwa njia hiyo sponji itakuwa imechoka kabla ya siku yenyewe kufika.

Tatu, na hapa ndipo ninapoona mchango huu umepotea njia, tujiulize vijana hawa wanakimbia wapi. Mazoezi yao mengi yako mchangani, maji yakipwa, na yakijaa husogea juu kwenye mchanga mkavu ambamo mguu unazama hadi fundoni. Utafiti wa mwaka 1998 ulikuta kwamba kukimbia juu ya mchanga hugharimu nishati mara 1.6 ya kukimbia mahali pagumu, kwa sababu mchanga unakula nguvu na haurudishi kitu. Kiatu ambacho sifa yake yote ni kurudisha nguvu ya hatua hakina cha kurudisha pale ambapo ardhi yenyewe imeshaimeza, na soli nene juu ya mchanga unaoteleza humyumbisha mtu kifundo cha mguu. Kuhusu mashindano yenyewe, yaliyotajwa katika barua ya mchango ni mita 5,000 na 10,000 za uwanjani. Kanuni za Shirikisho la Riadha Duniani zinaruhusu soli yenye unene wa hadi milimita 40 barabarani, lakini tangu Novemba 2024 soli ya kiatu cha uwanjani haipaswi kuzidi milimita 20. Raba hizi za kaboni zinazotamaniwa ni za barabarani. Nyingi zinakaribia kabisa kile kikomo cha 40. Hata kama msimamizi wa mashindano ya shule hatatoa rula, kijana atakayefuzu kwenda ngazi za juu ataikuta rula ikimngoja. Wazazi wanaombwa kununua kiatu ambacho mtoto akifanikiwa hataruhusiwa kukivaa.

Baadhi yetu wamependekeza njia ya mkato: tutafute mitumbani, maana viatu hivi siku hizi vinaonekana hadi sokoni kwetu. Nakiri vinaonekana, na vingine vinang'aa kwa kuoshwa vizuri. Lakini shika kimoja mkononi ukitazame. Pembeni mwa soli, chini ya kidole gumba, utaona mikunjo midogo midogo imejipanga kama mistari ya kiganja. Hiyo ni sponji iliyokwisha kubonyezwa mara maelfu. Ibonyeze kwa kidole: penye uhai inarudi mara moja, penye uchovu inabaki na kibonyeo. Kisha jaribu kukikunja taratibu. Kiatu chenye bamba zima kinakataa, na kikikunjika kirahisi kama kandambili, ama bamba limepasuka ama hakikuwa nalo tangu mwanzo. Geuza kisigino uone kama kimelika upande mmoja, kwa sababu hapo utakuwa umenunua mwendo wa mtu mwingine. Na hata bamba likiwa zima, si lenyewe linalofanya kazi kubwa. Watafiti walilikata kwa msumeno bamba la ndani ya Vaporfly wakaacha sponji ilivyo, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 tofauti ya matumizi ya nishati ilikuwa chini ya asilimia moja. Kazi kubwa ni ya sponji na wepesi, na sponji ndiyo inayokufa kwanza. Mtumba wa kaboni, kwa hiyo, unauza jina na kubakiza ganda.

Kuna suala la maumivu pia, nalipitia kwa kifupi. Mwaka 2023 madaktari walieleza habari za wakimbiaji watano waliopata ufa wa uchovu, yaani ule unaoletwa na mfupa kugongwa mara nyingi bila kupumzika, katika mfupa wa katikati ya wayo baada ya kutumia viatu vya kaboni. Watu watano hawatoshi kutoa hukumu, ila wanatosha kumzuia mtu mzima asimvishe mtoto wa miaka 15 kiatu hicho kila asubuhi.

Hoja ya wapinzani wangu iliyonigusa zaidi haikutoka kwa kocha bali kwa mama mmoja, aliyesema kwamba mwanawe akisimama kwenye mstari na kumwona jirani yake na raba mpya, moyo unamvunjika, na moyo ukivunjika miguu haiendi. Sidhani kama hilo ni la kupuuzwa. Hakuna njia ya kumpima mkimbiaji kiatu asichojua kwamba amekivaa, kwa hiyo katika kila matokeo niliyoyataja huenda imani ya mvaaji imechangia kiasi fulani. Lakini tukilikubali hilo, tukubali pia kwamba mtoto wa mvuvi ambaye baba yake hakuweza kutoa mchango atasimama kwenye mstari huohuo, ndani ya timu hiyohiyo, akiwatazama wenzake wa darasani. Mpaka sasa barua haijasema atafanywaje, na mimi naliona hilo ni kosa kubwa kuliko yote.

Ninachopendekeza ni hiki. Fedha zitakazopatikana zinunue kwanza, kwa kila kijana wa timu bila kuangalia nani amechanga, jozi moja ya raba za kawaida zinazomkaa sawasawa, nyepesi kadiri inavyowezekana, kwa kuwa kila gramu 100 zinazopungua katika kiatu hupunguza gharama ya kukimbia kwa karibu asilimia moja, na faida hiyo haihitaji kaboni. Zikibaki, zinunuliwe viatu vya misumari vya uwanjani. Anayetaka bado kututhibitishia kaboni aazime jozi mbili, achague vijana wanaoenea viatu hivyo, awakimbize Barabara ya Casuarina kuelekea upande wa hifadhi ya bahari, alfajiri kabla ya jua kuchoma, wiki kadhaa mfululizo, leo kiatu hiki na mara nyingine kile, kwa saa ileile na umbali uliopimwa, akiandika muda wa kila mmoja na upepo ulikuwa kusi au kaskazi. Makocha na walimu mnaosoma hapa, na nyinyi wa Watamu, Mambrui na Lamu mliokwisha kuvinunua: leteni muda wa vijana wenu wa kabla na wa baada, pamoja na aina ya ardhi waliyokimbilia. Wazazi wana haki ya kuuona muda huo kabla ya kutoa hata shilingi moja.