Python inaona faili 61, na mimi nina 86

BintiKibokoni
Asalaam aleikum ndugu zangu. Marehemu nyanya yangu alikuwa akiimba vugo, zile nyimbo za wanawake, kwenye maharusi ya Mji wa Kale, Mombasa, na ameacha kanda 86. Unyevu wa pwani umeanza kuzila, nyingine utepe umeshikana, basi nina miezi minne nazihamishia kwenye kompyuta moja moja. Zote ziko folda moja, kanda_1 mpaka kanda_86. Nataka kuchapa orodha ili mama aandike kando ya kila moja ilikuwa harusi ya nani, maana yeye bado anakumbuka. Natumia Linux, na programu hii fupi nimeiandika kwa lugha ya Python:

```
import glob
for f in sorted(glob.glob("kanda/*.wav")):
    print(f)
```

Napata 61 tu. Tena kanda_10 inatangulia kanda_2. Naogopa nisije nikawa nimezifuta.

FundiKisauni
Waaleikum salaam dada. Tulia, hujafuta kitu. Fungua folda utazame miisho ya majina. Ulibadilisha kinasa sauti katikati ya kazi? Vingine huandika .WAV kwa herufi kubwa, na kwa Linux hiyo si sawa na .wav.

Kuhusu mpangilio, sorted inalinganisha majina herufi kwa herufi. Inakutana na 1 ya kumi kabla ya 2, haijui kuwa ile ni kumi. Toa ile namba kwenye jina, uigeuze kutoka maandishi iwe namba halisi:

```
from pathlib import Path
faili = [f for f in Path("kanda").iterdir()
         if f.suffix.lower() == ".wav"]
faili.sort(key=lambda f: int(f.stem.split("_")[1]))
for f in faili:
    print(f.name)
```

BintiKibokoni
Kweli, mwezi wa tatu niliazima kinasa cha binamu! Lakini sasa inakataa kabisa: ValueError, invalid literal for int() with base 10: 'kanda'.

MwalimuChangamwe
Mwanangu, folda hiyo imewahi kupitia kompyuta ya Mac kwa flashi? Mac huacha vifaili vilivyofichwa, kwa mfano ._kanda_2.wav. Glob yako ya kwanza iliviruka kwa sababu vinaanza na nukta, lakini iterdir huleta kila kitu. Ukikata jina hilo kwenye "_", kipande cha pili ni neno kanda, si namba. Ongeza mwishoni mwa lile sharti la if:

```
and not f.name.startswith(".")
```

Na leo hii, kabla hujalala, nakili folda nzima kwenye diski nyingine uiweke nyumba nyingine. Sauti ya mzee ikipotea haina duka.

BintiKibokoni
86! Zimejipanga sawasawa. Ahsante Mwalimu, ahsante Fundi, Mungu awalipe. Nakala naipeleka kwa khalati Likoni kesho asubuhi. Kanda_47 ilikuwa katika zile 25 za herufi kubwa. Mama ameisikiliza sasa hivi: ni harusi yake mwenyewe, na nyanya anamtaja jina.