Mafundi wa mashine za boti, miezi minne mnanioshea kabureta wakati ugonjwa uko kwenye mpira wa mafuta!

Wakuu, leo salamu fupi, nina hasira.

Nina boti ya faiba hapa Kilindoni, Mafia. Mashine ni Yamaha 40 ya mistroki miwili, silinda mbili, ile ya kuchanganya petroli na oili kwenye tanki. Ni ya zamani na niliinunua imeshatumika, hilo silalamikii. Ninacholalamikia ni laki na malaki niliyoyaacha kwa mafundi watatu, na hakuna hata mmoja aliyegusa mahali penye kosa.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa hivi. Ufukweni ukivuta kamba mara mbili inaitika, na ikiunguruma taratibu ni tamu kama cherehani. Ukitoka nje ukafungua moto wote, yaani kasi ya mwisho, dakika kumi hazifiki inaanza kukohoa, nguvu inapungua, kimya. Kijana akiminya kile kipampu laini kilicho kwenye mpira wa mafuta, kati ya tanki na mashine, inafufuka. Akiacha, inakufa tena.

Sasa jamani, hapo kuna uchawi gani? Ukiminya inapona! Maana yake mafuta hayafiki kwa nguvu yake yenyewe. Mimi si fundi ila hilo nililisema tangu siku ya kwanza, nikaambiwa "bosi, tuachie wenyewe."

Fundi wa kwanza akaosha kabureta, elfu hamsini. Akaifunga mashine kwenye pipa la maji, akapiga resi kidogo, "umeona, iko poa." Kwenye pipa! Kwenye pipa ilikuwa poa hata kabla hajaifungua! Pale inakunywa kijiko. Baharini, na watu sita na maboksi ya barafu, inataka ndoo. Fundi asiyetoka na wewe mpaka nje ya gati akafungua moto wote, huyo hajajaribu kitu.

Wa pili akasema pampu ya mafuta imechoka, akaniuzia spea ya "orijino", laki moja na ishirini. Kile kipande chembamba cha ndani kinachochezeshwa na pumzi ya injini kikakakamaa ndani ya wiki tatu. Halafu, bila kuniuliza, akapitisha waya kwenye jeti, vile vitundu vya kabureta vinavyopima petroli, "ili mafuta yashuke vizuri." Tangu siku hiyo plagi zinatoka nyeusi tii na petroli inakwenda kama nagawa sadaka.

Wa tatu ndiye kiboko. Hakuminya hata kile kipampu. Akasikiliza kidogo, akatikisa kichwa: "Ringi za pistoni zimekwisha, andaa laki sita." Nikamwambia sina. Akajibu basi tafuta kijana awe anaminya njiani.

Na mimi kwa ujinga wangu nikamtafuta kijana.

Mwezi uliopita tunavuka kwenda Nyamisati, upande wa bara, kusi imechachamaa, ikafa katikati. Kijana kaminya mpaka mkono umekufa ganzi. Tumeyumba karibu saa mbili, upepo unatubeba kaskazini, barafu inayeyuka. Akapita nahodha mmoja mtu mzima, nikamwamkia, nikamweleza. Hakushika hata spana. Akauliza, "Mwanangu, umeshajaribu tanki la mwenzio?" Akanipa tanki lake la akiba pamoja na mpira wake. Tukachomeka. Mashine ikaenda mpaka Nyamisati haijakohoa hata mara moja.

Kipimo hicho ni bure. Miezi minne, mafundi watatu, hakuna aliyekifikiria.

Nyumbani nikaukagua mpira wangu. Kwenye kichwa kinachochomekwa kwenye mashine, oringi, ile duara ndogo ya mpira inayoziba, imepasuka. Basi. Na mashine ikiwa inavuta yenyewe huoni tone, kwa sababu badala ya petroli kutoka, hewa ilikuwa inaingia. Oringi mpya nimepewa kwa elfu mbili.

Na kile kipampu kilikuwa kinasema siku zote. Changu kilibaki laini, hakikuwahi kuwa kigumu: hewa inaingia mahali, au valvu zake zimekwisha. Kingenywea kama kimefyonzwa, ningeangalia nyuma yake, kizibo cha tanki hakijafunguliwa pumzi au chujio limeziba. Kingekuwa kigumu na mashine bado inakufa, hapo sawa, fungueni hiyo kabureta mnayoipenda.

Kinachoniuma zaidi ni pistoni. Mashine hii oili yake inakuja ndani ya petroli, lita moja kwa hamsini. Ikikosa petroli, imekosa na oili, tena wakati moto umefunguliwa wote. Kwa hiyo miezi minne nimekuwa nakaanga pistoni zangu kwa ushauri wa fundi. Huenda hizo ringi za laki sita sasa nitazihitaji kweli.

Mwenye jeti orijino za mashine hii, mbili, namba zilizogongwa ubavuni zionekane, aje inbox. Zangu zimeshatobolewa.

Fundi wa pili jana kanipigia kudai elfu thelathini yake iliyobaki. Nimemwambia ipo, aje tukalipane nje, katikati ya mkondo, na mpira ule wa zamani ninao.