Je, sheria ya kurutubisha unga inawafikia wenye njaa fiche?

Ndugu wachangiaji, hoja iliyo mezani ni kwamba serikali zikivilazimisha viwanda kuongeza madini ya chuma, zinki na asidi ya foliki kwenye unga, njaa fiche, yaani upungufu wa vitamini na madini kwa mtu anayeshiba, itakuwa imepata dawa. Naikubali nusu. Chumvi yenye madini joto, iliyoanza kutumika Uswisi mwaka 1922, ilipunguza rovu (uvimbe wa shingo) bila watu kubadili mlo wao. Lakini chumvi kila mtu huinunua dukani, ilhali mkulima wa nafaka hula alichovuna mwenyewe.

Tuitazame mashine ndogo ya kusaga. Mama anatua debe la mahindi, yanamiminwa, na baada ya dakika chache anajitwika unga wake. Virutubishi vinavyotakiwa kuingia humo ni gramu chache tu. Mwenye mashine asiyekuwa na kifaa cha kupimia atakisia kwa kijiko, huyu azidishiwe na yule akose. Sheria inayoishia kiwandani inamruka mama huyu, ambaye nafaka ndiyo karibu mlo wake wote.

Waliojibu kwamba turudi tu kwenye dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa, wana ushahidi wa zamani: mwishoni mwa karne ya 19, huko Java, kisiwa cha Indonesia ya leo, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa mchele uliokobolewa wakilemaa miguu, kisha wakapona walipopewa mchele wenye pumba. Hata hivyo, pumba hiyo hiyo ina faiteti, kemikali ya asili ya mbegu ambayo huyashika madini ya chuma na zinki tumboni yasifyonzwe vizuri, kwa hiyo dona isiyochachushwa, wala kusagwa kutokana na nafaka iliyooteshwa kwanza, humpa mlaji madini machache kuliko tunavyodhani. Ndiyo maana pia haitoshi sheria kusema “chuma” kwa jumla, kwa kuwa unga wa chuma ulio rahisi kununua mara nyingi ndio mwili huufyonza kwa shida.

Na ushauri wa “kuleni mlo kamili”, ingawa ni sahihi, humfikia asiye na fedha ya kunde wala matunda kama kejeli.

Mimi naunga mkono sheria itakayotaja aina ya chuma na kuzihusisha mashine ndogo. Watetezi wa sheria ya viwanda peke yake watujibu: kifaa cha kupimia na virutubishi vyenyewe vitalipiwa na nani, hazina ya serikali, mwenye mashine, au mama mwenye debe?