Naomba ushauri: Smolyan, milima ya Rhodope (Bulgaria), na watoto wawili, bila gari, mfuko mwembamba

Baba Nasra

Habari za jioni wakuu. Sisi tunaishi Munich, na likizo ya Pentekoste ya shule huku Bavaria ni wiki mbili nzima. Mama Nasra amechoka na mpango wangu wa kila mwaka wa "tupumzike tu nyumbani", kwa hiyo mara hii nimekata tiketi za bei poa hadi Sofia, mwisho wa Mei. Nimepata nyumba ya kupanga kwa wiki moja mjini Smolyan, kusini kabisa, karibu na mpaka wa Ugiriki. Bei yake niliisoma mara mbili nikidhani wamekosea.

Sasa tiketi na nyumba vimeshakula bajeti. Chakula tutapika wenyewe. Kilichobaki ni nauli za mabasi na akiba ya dharura, gari sikukodi. Watoto ni wa miaka 11 na 7. Huyu mdogo anatembea vizuri, ila akichoka anakaa chini katikati ya njia na hakuna serikali inayomwinua.

Ninachoomba: kule kuna nini cha kuona na kufanya ambacho ni bure kweli? Sio ile bure ya kufika mlangoni ukakuta dirisha la tiketi. Halafu sisi ni Waislamu, mwenye kujua habari za msikiti na chakula asinyamaze.

Mkwea_Kibo

Mkuu, na nchi ile yote umechagua Smolyan? Milima yenyewe iko Rila na Pirin. Musala una mita 2,925, ndio mrefu kuliko yote katika Balkan nzima. Kuna maziwa saba ya Rila, kuna Monasteri ya Rila ambayo uani na kanisani unaingia bure, na hifadhi za taifa za kule hazina kiingilio. Ukikaa Bansko, mji ulio chini ya Pirin, una kilele cha Vihren wa mita 2,914 mbele ya dirisha. Badilisha nyumba mapema.

Mganga_wa_Plovdiv

Baba Nasra usibadilishe chochote. Nilisoma udaktari Plovdiv na wikendi zangu nyingi ziliishia Rhodope, maana ndiyo milima ya mwanafunzi asiye na hela. Mkwea_Kibo hajasema uongo, Rila ni nzuri mno, lakini mwisho wa Mei kule juu kwenye yale maziwa bado kuna theluji na barafu, na mtoto wa miaka 7 hana kazi nayo. Rhodope ni milima ya chini zaidi, ya misitu na vijiji. Mama Nasra kama ni mtu wa Tanga ataona kama amerudi Lushoto, ila miti ni misonobari.

Siku ya kwanza yenye jua nendeni Korongo la Maporomoko, wenyewe wanaliita Kanyonat na vodopadite. Mwanzo wake uko nje kidogo tu ya mji. Hakuna lango, hakuna tiketi. Njia inapanda kandokando ya kijito, inakivuka huku na huku kwa madaraja ya mbao, na penye mwinuko mkali wameweka ngazi. Wanahesabu maporomoko 46, ingawa mengine ni ya kimo cha mwanao. Kubwa lao ni Orfey, mita 68, na Mei na Juni ndipo maji yanapokuwa mengi kwa sababu ya theluji iliyoyeyuka na mvua. Mkifika mwezi wa nane mtakuta ukuta wa jiwe uliolowa.

Mzunguko wote ni mrefu kwa mtoto mdogo, msijilazimishe kuumaliza. Fikeni Orfey, kuleni, rudini njia mliyoendea. Ondokeni asubuhi. Majira hayo saa nane, saa tisa mchana mawingu hujikusanya ghafla na radi za kule si za mchezo. Ngazi za mbao zikilowa zinateleza, kwa hiyo viatu viwe vya soli yenye meno. Na mkirudi jioni wakagueni watoto miguu, nyuma ya magoti na shingoni, kupe wapo wengi kwenye nyasi ndefu.

Njia za milimani zimechorwa alama kwenye miti na mawe, mstari wa rangi katikati ya mistari miwili myeupe. Ukitembea muda mrefu bila kuiona, geuka. Simu ya dharura ni 112, na waokoaji wa milimani wanatumwa kutoka hapo hapo.

Binti_Kilindini

Suala la dini niachieni mimi, mume wangu kazi yake ilitupeleka huko. Baba Nasra umechagua mahali penyewe bila kujua. Rhodope ndiko wanakoishi Wapomaki, Waislamu wanaozungumza Kibulgaria, wapo tangu enzi za Waturuki. Mtaona vijiji vyenye minara ya misikiti katikati ya misitu, hasa mkielekea upande wa Madan na Rudozem, mashariki ya Smolyan. Vipo na vijiji ambavyo msikiti na kanisa vinatazamana.

Lakini msidhani nyama itakuwa halali kwa sababu hiyo. Kebapche na kyufte, nyama ya kusaga ya kuchoma, za mikahawani mara nyingi zimechanganywa na nguruwe. Jifunzeni neno "svinsko", ndilo nguruwe, na mliulizie kila mahali. Kwa kuwa mnapika wenyewe hamna shida: maharage ya kijiji cha Smilyan ni makubwa na matamu, mtindi wao hauhitaji sifa zangu, na kuna patatnik, viazi vilivyokwaruzwa vikapikwa taratibu na jibini na nanaa ya kienyeji. Mama Nasra akiionja mara moja atataka kuipika Munich.

Na kitu cha bure ambacho watu hawakitaji: maji. Kila baada ya mwendo, barabarani na kwenye njia za msituni, kuna cheshma, bomba la jiwe linalotiririsha maji ya chemchemi mchana kutwa na usiku kucha. Nyingi zimejengwa na familia kwa kumkumbuka marehemu wao, jina lake limechongwa pale pale. Sisi wa pwani tunaijua hiyo, ni sadaka ya maji. Bebeni chupa tupu, msinunue maji hata siku moja.

Mkwea_Kibo

Sawa, kwa theluji nimekubali. Lakini na dubu je? Rhodope ina dubu.

Mganga_wa_Plovdiv

Wanao, ndiyo, na wanakukwepa kuliko unavyowakwepa. Familia yenye mtoto wa miaka 7 haijawahi kutembea kimya. Mimi hofu yangu ni mbwa wa wachungaji. Ni wakubwa, wamefugwa kupigana na mbwa mwitu, na kundi la kondoo ndiyo nyumba yao. Mkiona kondoo, zungukeni mbali, msikimbie, na watoto wasiende kushika mwanakondoo hata awe mzuri vipi. Mwiteni mchungaji kwa sauti, atawaita mbwa wake.

Njia_Panda

Naona wote mnazungumzia kutembea, hakuna anayesema mtu anafikaje. Rhodope vya kuona ni bure, kinachokula hela ni kufika.

Kutoka Sofia kuna basi la moja kwa moja hadi Smolyan. Ila mimi ningepitia Plovdiv, nipande pale kituo cha Rodopi, kwa sababu basi la Smolyan linapita Bachkovo. Monasteri ya Bachkovo ilianzishwa mwaka 1083 na jemadari mmoja wa dola ya kale ya Bizanti, na kuingia uani na kanisani ni bure, mnalipia makumbusho tu. Nyuma yake njia za msituni zinaanzia hapo hapo. Mkiwa na mabegi mengi iachieni siku ya kurudi.

Mkiwa Smolyan, siku moja chukueni basi dogo la kuelekea Devin, mshuke Shiroka Laka, kilomita ishirini na kitu. Ni kijiji cha nyumba za mawe na mbao za karne ya 19, zimepandana mlimani, chini yake mto wenye madaraja ya mawe yaliyopinda mgongo. Kutembea humo hakuna anayekudai. Pale kuna shule ya taifa ya muziki wa asili, na mkipita siku za masomo mtasikia vijana wakifanya mazoezi ya gaida, zumari la ngozi ya mbuzi. La Rhodope lina sauti nzito kuliko la sehemu nyingine za Bulgaria. Mwaka 1977 Wamarekani walipotuma chombo cha Voyager angani na sahani ya nyimbo za dunia, mmoja ulikuwa wa milima hii, umeimbwa na Valya Balkanska na kusindikizwa na gaida. Mwambieni huyo wa miaka 11, wenye umri wake wanapenda habari za anga.

Ubao wa basi utaandikwa kwa herufi zao: СМОЛЯН, ДЕВИН, ТРИГРАД. Muulizeni dereva kama ni hapo. Akitikisa kichwa kulia na kushoto anasema ndiyo. Akikiinua juu anasema hapana. Usipolijua hilo unaweza kupitishwa kijiji.

Baba Nasra

Hapo kwenye kichwa nimecheka peke yangu kwenye treni. Ahsanteni sana. Hiyo Trigrad naiona kila ninapotafuta, na pango lake la Koo la Shetani. Ni bure?

Njia_Panda

Korongo ni bure, pango linalipiwa. Kwa miguu ndani ya korongo la Trigrad, kuta za mawe zimekaribiana mpaka barabara inabanwa, na wapenda ndege wanatoka nchi za mbali kuja kumtafuta ndege mmoja mdogo wa kijivu mwenye mabawa mekundu anayetambaa ukutani. Mto wenyewe unaingia mlimani, unaporomoka humo gizani mita 42. Wagiriki wa kale wana kisa cha Orpheus aliyeshuka kuzimu kumfuata mkewe, na watu wa hapa watakuapia kwamba alishukia papo hapo.

Ushauri wangu, uupime: mabasi ya Trigrad ni machache mno, hamwezi kuyategemea na watoto. Kodini gari Smolyan siku moja tu. Siku hiyo hiyo pitieni Trigrad, kisha korongo la jirani la Buynovo, na kama nguvu zipo, juu ya kijiji cha Yagodina kuna jukwaa la chuma linaloitwa Orlovo Oko, Jicho la Tai, mita 1,563 juu ya usawa wa bahari. Kuna wenye magari ya jeep watakaojitolea kuwapandisha kwa malipo, na kuna njia ya miguu isiyo na malipo. Kiingilio kimoja mkilipe, cha Koo la Shetani. Ngazi za kupandia ni kama 300 na kelele ya maji haisahauliki. Mapango mengine yaacheni.

Binti_Kilindini

Na hapo Trigrad mtauziwa chai ya Mursala, majani makavu ya kijivu. Nunueni kifurushi, ni ya bei ndogo. Msichume porini, ule mmea unalindwa na sheria.

Baba Nasra

Nimekata shauri. Jumatatu korongo la maporomoko, Jumatano Shiroka Laka, Ijumaa gari na Trigrad, na Jumamosi tunarudi kupitia Bachkovo. Katikati watoto walale. Mama Nasra amesoma uzi wote, ameniuliza swali moja tu: jioni baridi ipo?

Mganga_wa_Plovdiv

Ipo. Mji uko kwenye mita elfu moja hivi, usiku wa Mei mwishoni sweta ni lazima na koti la mvua ndani ya begi kila siku. Na hiyo Ijumaa ya gari iwe inahamishika. Angalia hali ya hewa mkifika, siku yenye jua kali mpe Orlovo Oko, kukiwa na ukungu hamtaona kitu pale juu.