Balbu ya wati 100 inasoma ohm 38, hesabu inanipa wati 1,138. Imekaaje hii?

MamaBruda_Njombe:
Habari za jioni wakuu. Nimeingiza vifaranga, na baridi ya huku kwetu mnaijua. Kwenye bruda, yaani sehemu ya kuwapa vifaranga joto, nimefunga balbu nne za zamani, zile za mwanga wa njano, kila moja imeandikwa 100W 230V. Nikataka kujua LUKU italiwa kiasi gani, basi nikafungua balbu moja kwenye holda, nikaipima kwa mita upande wa ohm: 38. Soketini jioni hii kuna volti 208.

Nikakumbuka ya shuleni: wati ni volti mara volti, gawanya kwa ohm. 208 × 208 ÷ 38 = 1,138. Balbu nne zinapita wati 4,500! Mkondo nao, 208 ÷ 38, ni kama ampea 5.5 kwa balbu, kwa hiyo nne zinakaribia 22. Na zote ziko kwenye plagi moja yenye fyuzi ya 13, wala fyuzi haijakatika. Anayedanganya hapa ni balbu, mita au fomula?

kijana_wa_mjini:
Weka chungu cha mkaa dada, achana na mahesabu 😂

Koleo_Makambako:
Chungu ndani ya banda lililozibwa kwa ajili ya baridi, asubuhi utaokota vifaranga kwa koleo. Tuendelee na umeme.

Dada, fomula ni sahihi na mita yako ni nzima. Tatizo ni kwamba umepima balbu ya baridi. Ule uzi wa ndani ni tangsteni, na ukinzani wa tangsteni unapanda sana ikipata moto. Balbu ikiwaka, uzi unapita nyuzi joto 2,000. Ohm 38 ni za balbu iliyozimwa, wewe unataka za balbu inayowaka, na hizo huwezi kuzipima kwa upande wa ohm. USIJARIBU kupima ohm kwenye kitu chenye umeme, mita itakufa na wewe unaweza kuumia.

Kinachotakiwa ni vitu viwili vilivyopimwa wakati mmoja, balbu zikiwa zinawaka: volti na ampea. Azima klampu mita, ile yenye taya inayobana waya na kusoma ampea bila kuukata, kwa fundi wa jirani. Volti gawanya kwa ampea unapata ohm za kweli, volti mara ampea unapata wati.

Na fyuzi yako yenyewe imeshakujibu. Ampea 22 zisingekaa jioni nzima kwenye fyuzi ya 13.

MamaBruda_Njombe:
Nimepata klampu kwa fundi wa hapa mtaani. Nimebana waya wa ekstensheni, inasoma 0.00 na balbu zote zinawaka. Au mbovu?

Koleo_Makambako:
Nzima hiyo. Umebana waya wote kwa pamoja, laini na nyutro ndani ya taya. Umeme unaokwenda na unaorudi unafutana, kwa hiyo mita haioni kitu. Zima kwanza, chomoa plagi, chana ganda la nje la ekstensheni kwa uangalifu bila kugusa ganda la waya za ndani, kisha bana waya mmoja tu. Ukimaliza pafunge vizuri kwa tepu, vifaranga na maji yao hawana adabu.

MamaBruda_Njombe:
Sasa inasoma 1.64. Volti bado 208.

Koleo_Makambako:
Safi kabisa. Balbu zako zimefungwa sambamba, kila moja inapata volti 208 zote na mkondo wanagawana: 1.64 ÷ 4 = ampea 0.41 kwa balbu.

Ukinzani: 208 ÷ 0.41 = ohm 507. Linganisha na 38 zako, ni zaidi ya mara 13.
Nguvu: 208 × 0.41 = wati 85 kwa balbu. Zote nne ni 208 × 1.64 = wati 341.

Hazifiki 100 kwa sababu 100 ni za volti 230, na wewe una 208. Ndiyo maana usiku umeme ukiwa mdogo vifaranga wanabanana chini ya balbu.

Zikiwaka saa 24: 341 × 24 ÷ 1,000 = uniti 8.2 kwa siku. Kama uko kwenye lile kundi la matumizi madogo, la uniti 75 kwa mwezi, siku tisa tu umezimaliza. Hapo ndipo pa kuumiza kichwa.

Ukitaka kuhakiki bila klampu, zima kila kitu nyumbani ubakize balbu. Tazama kitaa kinachopepesa kwenye LUKU, pembeni pameandikwa imp/kWh, yaani mipepeso kwa kila uniti moja. Ikiwa ni 1000, kwa wati 341 utahesabu mipepeso kama 17 kwa dakika tatu.

Ticha_Fizikia:
Naongezea kidogo. Volti mara ampea inakupa wati moja kwa moja kwa balbu hizi, pasi, hita na jiko la koili. Kwa feni, friji au pampu ya maji, zidisha pia kwa pawa fakta (namba iliyo chini ya 1, inayoonyesha ni sehemu gani ya volti mara ampea ndiyo wati halisi), la sivyo utapata namba kubwa kuliko wati halisi.

MamaBruda_Njombe:
Asanteni sana. Swali la mwisho: mchana joto linazidi. Nikifunga balbu mbili mfululizo badala ya sambamba, nitapata nusu ya nguvu?

Koleo_Makambako:
Chini ya nusu. Kwa volti 230 kila balbu itapata 115. Kwa ukinzani usiobadilika, mbili zingetoa wati 50 jumla, ila uzi ukipoa ohm zinashuka, kwa hiyo tegemea karibu 70. Mkondo utakuwa kama ampea 0.3, klampu za bei ndogo hazisomi hapo vizuri. Zungushia waya mmoja mara kumi ndani ya taya, kisha gawanya jibu kwa kumi. Na kumbuka, kwa mfululizo balbu moja ikiungua, na ya pili inazimika, kwa hiyo usiku rudisha sambamba.