Tupeane uzoefu: koleji ya onazi ndani ya chuo kikuu cha umma Marekani

Mleta mada
Wakuu, tuanze kwa kuondoa mkanganyiko. Kwetu onazi (honors) ni daraja unalotangaziwa siku ya mahafali, fasti klasi au apa sekondi. Marekani ni mlango unaoingia tangu mwaka wa kwanza: koleji ndogo ndani ya chuo cha maelfu ya wanafunzi, yenye mkuu wake, washauri wake, semina zake, na mara nyingi bweni lake. Lengo ni kumpa mtoto wa chuo cha umma kile ambacho vyuo vidogo vya binafsi huuza ghali, yaani darasa la watu wachache na mwalimu anayekujua kwa jina. Clark ya Chuo Kikuu cha Oregon ipo tangu 1960, Barrett ya Arizona State tangu 1988, Schreyer ya Penn State tangu 1997, Macaulay ya CUNY (chuo kikuu cha umma cha Jiji la New York) tangu 2001. Mwenye kujua hatua, hesabu na mitego amwage hapa. Sifa tuwaachie wachapa vipeperushi.

Karani wa Krediti
Hesabu ya Barrett: shahada ni krediti (vipimo vya uzito wa kozi) 120. Kati ya hizo, 36 ziwe za onazi, na angalau 18 ziwe za ngazi ya juu. GPA (wastani wa alama) ya kuhitimu isiwe chini ya 3.25 (Schreyer wanataka 3.40), halafu tasnifu. Hizo 36 zimo ndani ya 120, hazijumlishwi juu yake. Wengi hukimbia kwa kudhani watachelewa kumaliza.

Chanzo cha kwanza cha krediti hizo za onazi ni semina ya mihula miwili iitwayo The Human Event: kusoma, kubishana, kuandika insha. Cha pili ni kozi zilizotengwa kwa wana onazi. Cha tatu ni mkataba, na hapa ndipo watu huteleza. Uko kwenye kozi ya kawaida ya takwimu, ukumbi umejaa. Unamwomba mwalimu kazi ya ziada, akiridhia kozi hiyo inahesabiwa ya onazi. Kosa ni kuomba "insha ndefu zaidi". Omba kazi ya aina nyingine: seti moja ya data halisi, vikao vinne vya nusu saa, ripoti ya kurasa nane. Nenda saa za ofisi wiki ya kwanza, na wazo lako kwenye karatasi moja, maana dirisha la fomu hufungwa mapema na mwalimu halazimiki kukubali. Ukiacha kazi njiani, alama ya kozi inaweza kubaki nzuri lakini krediti ya onazi imeyeyuka, na mtu huja kugundua mwaka wa nne.

Bi Tasnifu
Nyongeza kwa Karani. Tasnifu hesabu kurudi nyuma. Kama unahitimu Mei, utetezi uwe umekwisha kabla ya nusu ya pili ya Aprili, rasimu kamili imfikie msimamizi Februari, data iwe mkononi Desemba. Maana yake msimamizi apatikane mwaka wa tatu, si wa nne. Usimwandikie "naomba unisimamie". Taja andiko lake moja ulilosoma, swali lako kwa sentensi mbili, na muhula unaotaka kuanza.

Swali liwe dogo. "Maji Tanzania" si swali. "Floridi katika visima vitano vya kata moja ya Arusha, masika na kiangazi" ni swali.

Halafu kuna kamati ya maadili ya utafiti, ambayo humaliza watu. Ukitaka kuhoji wakimbizi wa Kongo waliopo Arizona kwa Kiswahili, fomu ya ridhaa ya Kiswahili nayo inapitiwa, pamoja na maswali. Mapitio huchukua wiki kadhaa, na wakirudisha marekebisho unapanga foleni upya. Mahojiano yaliyofanyika kabla ya kibali hayaingii kwenye tasnifu, hata yawe matamu vipi.

Mzee wa Makaratasi
Semeni ukweli kuhusu pasipoti. Mwenye viza ya F-1 (ya mwanafunzi wa kigeni) ataona barua pepe za fursa kila wiki, na nyingi hazimhusu. Kambi za utafiti za kiangazi za NSF (mfuko wa sayansi wa serikali ya Marekani) zinazoitwa REU zinataka raia au mwenye grinkadi. Ufadhili wa Goldwater vivyo hivyo. Skolashipu za Truman, Marshall na Fulbright ya kuwapeleka Wamarekani nje ni za raia. Zinazobaki wazi: Schwarzman, Gates Cambridge (yeyote asiye raia wa Uingereza), na Rhodes, ambayo ina fungu la Afrika Mashariki, hapo soma masharti ya ukaazi na umri mstari kwa mstari.

Kwa hiyo kwa mwana F-1, mfuko wa koleji yenyewe wa utafiti na safari ndio wa kuuwinda kwanza, kwani mara nyingi hutoka kwa wafadhili binafsi. Kazi ndani ya chuo kikomo ni saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea, na msaada wa maabara unaolipwa umo humo.

Macaulay hulipia ada wakaazi wa jimbo la New York, na kwa kawaida haipokei wanaohamia kutoka chuo kingine. Barrett inawapokea hao wanaohamia, ila ina ada yake ya onazi juu ya ada ya chuo.

Fundi Mitambo
Wa uhandisi msibebe miradi miwili. Mradi wa timu wa mwaka wa mwisho huweza kugeuzwa tasnifu, ilimradi sehemu yako ipimike peke yake: mwenzako anashika fremu, wewe unashika mfumo wa kupoza betri na vipimo vyake. Makubaliano yaandikwe kabla timu haijagawana kazi. Baadaye kila mtu atadai betri ni yake.

Mleta mada
Fundi, msomaji wa pili wa tasnifu, anayeipima pamoja na msimamizi, anaweza kuwa mhandisi wa nje ya chuo?

Fundi Mitambo
Inategemea koleji, mkuu. Kwingine wanakubali ukipeleka wasifu wake mapema. Msimamizi mkuu ndiye kwa kawaida lazima awe mwalimu wa chuo.